Nimekabidhiwa chumba cha maandalizi chenye chupa zisizo na majina, nianzie wapi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimeajiriwa mwaka huu katika sekondari ya kata. Hatuna fundi sanifu maabara, kwa hiyo mkuu wa shule amenikabidhi funguo za chumba cha maandalizi. Ni chumba kidogo chenye dirisha moja na rafu za mbao mpaka darini. Aliyekuwapo kabla yangu alipanga kemikali kwa herufi, A hadi Z. Chupa nyingi zimefunikwa na unga mweupe, stendi za chuma zimeliwa na kutu, na mizani ya elektroniki inaonyesha namba zinazocheza. Chupa kama kumi na kitu hazina lebo. Mkuu anasema zilizopitwa na muda nizimwage kwenye sinki ili wakaguzi wakute pasafi. Mimi nilifikiri zile zisizo na jina nizipime kwanza, kwa kuwa chuoni tulisoma uchambuzi wa chumvi. Tena nikizimua asidi kifua kinabana hata nikivaa barakoa. Kidato cha nne wana mtihani wa vitendo mwezi wa kumi na moja. Nisaidie."

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Kabla ya yote nikuombe mambo mawili: usimwage chochote kwenye sinki, na usifungue chupa yoyote isiyo na lebo. Hayo mengine yanaweza kusubiri siku mbili tatu wakati unasoma jibu hili na kupanga kazi.

Chumba ulichokieleza nakifahamu. Nimefanya kazi ya ufundi sanifu katika maabara za shule kwa muda mrefu, na vya namna hiyo nimevikuta vingi, hasa katika shule zilizojengewa maabara kwa haraka baada ya agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara za sayansi. Majengo yalisimama, kemikali zikaletwa, ila mtu wa kukaa chumba cha nyuma mara nyingi hakupatikana. Kwa hiyo usijione umeshindwa kazi mwezi wa kwanza. Umerithi kazi ambayo haikuwa na mwenyewe.

Umeniandikia shida tano: unga mweupe, kutu, mizani, lebo zilizopotea na kifua. Mimi naona shida moja, nayo ni hewa ya chumba hicho.

Uangalie ule unga. Wengi hudhani ni vumbi la chaki au kemikali iliyomwagika zamani. Ukiufuta kwa kitambaa leo, baada ya siku chache umerudi, na utaukuta mwingi zaidi kwenye mabega ya chupa na kwenye kioo cha dirisha. Kwa mpangilio ulionieleza, karibu hakuna shaka kwamba huo ni amoniamu kloraidi. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji, na gesi hiyo haitulii. Mchana bati linapopata moto, hewa iliyo juu ya asidi ndani ya chupa inapanuka na kupenya kwenye nyuzi za kifuniko. Usiku inapopoa, chupa inavuta hewa ya nje. Amonia iliyokolea nayo inafanya vivyo hivyo upande wa pili wa rafu. Gesi hizo mbili zikikutana hewani zinatengeneza chembechembe nyeupe laini sana ambazo hutua popote.

Maana yake ni kwamba hewa ya chumba chako ina asidi usiku na mchana, hata siku ambazo hakuna aliyefungua chupa. Asidi hiyo ikikutana na unyevu juu ya stendi ya chuma inaleta kutu. Ikiingia ndani ya mizani inakula viungio vya shaba, ndipo namba zinaanza kucheza. Ikikaa juu ya lebo ya karatasi kwa miaka, karatasi inakuwa ya kahawia, inakatika kwa kidole, na siku moja inaanguka nyuma ya rafu. Ndivyo zile chupa zilivyopoteza majina. Na kifua chako kinavuta hewa hiyo hiyo.

Kwa hiyo anza na chupa mbili tu: haidrokloriki iliyokolea na amonia iliyokolea. Zitenganishe leo, na kama inawezekana zisikae chumba kimoja. Haidrokloriki iweke ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chini kabisa, na sakafuni mwa ndoo mwaga tabaka la magadi makavu yaliyosagwa. Magadi yatakula sehemu ya mvuke kabla haujatoka, na chupa ikivuja yataipokea asidi. Yabadilishe yakianza kuganda. Amonia ipeleke kwenye kabati la upande mwingine wa maabara, mahali pa baridi pasipopigwa na jua, nayo iwe ndani ya beseni lake. Kifuniko kilichopasuka kibadilishe kwa kifuniko cha plastiki kinachoikaa chupa sawasawa. Usitumie cha bati, kitaliwa.

Halafu mwombe mkuu wa shule fundi uashi kwa siku moja. Dirisha moja halitoshi, maana hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Matofali ya matundu yawekwe kwenye ukuta wa nje, mengine karibu na sakafu na mengine karibu na dari. Mvuke wa haidrokloriki ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini. Amonia ni nyepesi, inapanda. Tundu la juu peke yake litakusaidia kwa amonia tu.

Mizani ihamishe leo hii. Ikae chumba cha fizikia au ofisini, juu ya meza nzito isiyotikisika, mbali na dirisha na feni. Kabla ya kuitangaza imekufa, tazama kama kiputo cha usawa kiko katikati, iwashe iache nusu saa, kisha pima kitu kimoja mara kadhaa. Nyingine hupona kwa kuhamishwa tu. Ikiendelea kucheza, mizani hiyo haifai kuandalia mtihani. Azima shule jirani mapema.

Sasa tuje kwenye herufi. Mpangilio wa A hadi Z unapendeza machoni na unarahisisha kutafuta, lakini alfabeti haijui kemia. Unga wa aluminiamu unaweza kukaa bega kwa bega na amoniamu nitreti, na mchanganyiko wa viwili hivyo ni baruti. Salfa inakaa jirani na sodiamu nitreti. Naftalini inakaa na asidi ya nitriki. Siku rafu itakapovunjika au paka atakaporuka kutoka darini, majirani hao watakutana sakafuni.

Kinachotakiwa ni kupanga kwa tabia. Vitu vinavyoshika moto, yaani spiriti, ethanoli, asetoni na vyote vya jamii hiyo, vikae katika kabati la chuma, kwa kiasi kidogo, mbali na moto na mbali na swichi. Vitu vinavyotoa oksijeni na kuukuza moto, kama nitreti zote, potasiamu pamanganeti, kloreti na haidrojeni peroksaidi, vipate kabati lao peke yao na visikaribiane na lile la kwanza. Peroksaidi iwe na kifuniko chenye tundu dogo la kupumulia, kwani hutoa gesi yenyewe na chupa iliyozibwa kabisa hujaa mpaka kupasuka. Asidi zikae chini, ndani ya mabeseni ya plastiki, kamwe zisizidi usawa wa kiuno. Kati ya asidi, nitriki ipewe beseni lake: yenyewe ni asidi na pia inachochea moto, na ikimwagika juu ya mbao au karatasi inaweza kuziwasha. Ndiyo maana asidi hiyo haiwekwi juu ya rafu ya mbao wala haifyonzwi kwa pumba za mbao inapomwagika. Sodiamu haidroksaidi na jamaa zake mbali na asidi. Metali ya sodiamu na potasiamu ndani ya mafuta, mahali pakavu, mbali na bomba la maji. Sumu kama chumvi za risasi, bariamu, zebaki na kromati zifungiwe kwa kufuli. Nitreti ya risasi itakusumbua maana ina tabia mbili, ya sumu na ya kuchochea moto. Iweke na nitreti, ila kabati hilo nalo ulifunge.

Chumvi za kawaida zitakazobaki, ambazo ndizo nyingi, zipange kwa herufi upendavyo. Huko A hadi Z inafanya kazi nzuri.

Kuhusu chupa zisizo na jina, nakuelewa ulikotoka. Umesoma uchambuzi wa chumvi, kwa nini usiutumie? Kwa sababu uchambuzi ule umetengenezwa kwa sampuli ambayo mwalimu anaijua. Hatua zake za mwanzo ni kupasha moto na kudondoshea asidi. Chupa yako kama ina salfaidi, tone la asidi litatoa haidrojeni salfaidi. Kama ni sianidi, litatoa gesi inayoua kwa pumzi chache. Kama ni kloreti na ukaigusa kwa asidi ya salfuriki iliyokolea, inaweza kulipuka mkononi. Hakuna mtihani wowote wa kidato cha nne unaostahili hatari hiyo. Kunusa, hata kwa kupunga mkono, nako ni vivyo hivyo.

Fanya hivi: vaa glavu na miwani ya kukinga, zihamishe moja moja bila kuzitikisa hadi kwenye beseni lenye mchanga mkavu, vimiminika beseni lake na unga beseni lake. Andika juu ya kila chupa namba, na kwenye daftari andika kila unachokiona bila kufungua: rangi, kimiminika au yabisi, kiasi, chupa ya kioo au plastiki, ilikuwa rafu ipi na jirani yake nani. Tazama nyuma ya rafu, lebo nyingine utazikuta zimelala huko. Pekua leja ya zamani na hati za kupokelea vifaa. Mara nyingi orodha ya kilichoagizwa itakupunguzia kitendawili. Lakini hata ukikisia, usiandike jina la kukisia juu ya chupa. Lebo yenye jina la uongo itamdhuru mtu kuliko chupa isiyo na jina.

Zipo chupa ambazo hutakiwi hata kuzihamisha. Ukikuta fuwele za manjano zimejikusanya kwenye shingo na nyuzi za kifuniko, inaweza kuwa asidi ya pikriki iliyokauka, nayo ikikauka hulipuka kwa msuguano wa kufungua tu. Etha ya zamani yenye fuwele, metali ya potasiamu iliyoota ganda la manjano, chupa iliyovimba: funga mlango, bandika karatasi ya kukataza watu kuingia, na upige simu. Nitakwambia kwa nani.

Neno "zilizopitwa na muda" limewaponza wengi. Tarehe iliyo kwenye chupa ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu usafi wa kemikali. Haisemi kwamba siku inayofuata imeoza. Sodiamu kloraidi, kopa salfeti, potasiamu nitreti, zikiwa kavu na zimefungwa vizuri, zitakufaa miaka mingi baada ya tarehe hiyo. Zinazoharibika kweli ni chache, na kila moja ina sababu yake. Sodiamu haidroksaidi hunywa unyevu na kabonidayoksaidi ya hewani ikageuka taratibu kuwa kaboneti, ndiyo maana ile iliyoganda jiwe haifai titresheni (kupima nguvu ya asidi au alkali kwa kuidondoshea nyingine), japo bado inafaa kusawazishia asidi zilizotumika. Chuma(II) salfeti ikipigwa na hewa hugeuka kutoka kijani hadi kahawia. Peroksaidi hupungua nguvu. Haidrokloriki iliyofunguliwa muda mrefu kwenye joto letu hupoteza gesi, ikabaki dhaifu kuliko lebo inavyodai. Kwa kutupa vyote vyenye tarehe ya zamani, shule ingetupa fedha ambazo haina.

Na sinki? Fuatilia bomba lake linakoishia. Katika shule nyingi linaishia kwenye shimo la maji machafu nyuma ya jengo, na hatua chache tu kutoka hapo pana kisima au bustani ya mboga. Asidi na alkali hafifu zilizokwisha kusawazishwa, na chumvi za sodiamu na potasiamu za kawaida, zinaweza kwenda na maji mengi. Risasi, zebaki, bariamu, kromati na kopa haziendi. Hizo haziozi, zitakaa ardhini na kurudi kwa njia ya maji. Weka dumu la plastiki lililoandikwa "mabaki ya metali" na wanafunzi wamimine humo baada ya kila zoezi. Mabaki ya kopa unaweza kuyatilia magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe na rangi ya bluu ishuke chini kama tope, ukachuja, ukatunza tope lililokauka. Dumu zima linakuwa kikombe.

Tuje kwenye kifua chako. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone na vumbi. Mvuke wa asidi unapita humo bila kuzuiwa, kwa hiyo ile barakoa imekupa moyo wa kukaa pale muda mrefu zaidi. Acha kuzimua asidi ndani ya kile chumba. Kama huna kabati la kufyonza mvuke, toa meza nje, kwenye kivuli, asubuhi kabla jua halijawa kali, na usimame upande upepo unakotoka ili mvuke uende mbele yako. Wanafunzi wawe darasani.

Sheria ya kumimina asidi kwenye maji unaijua, lakini waeleze wanafunzi sababu yake, maana sheria isiyo na sababu husahaulika. Asidi ya salfuriki iliyokolea ina uzito wa karibu gramu 1.84 kwa mililita. Ukiimwagia maji, maji hayazami. Yanaelea juu, na pale yanapogusana na asidi joto linakuwa kubwa kiasi kwamba yanachemka papo hapo, yanaruka na kubeba asidi hadi usoni, mithili ya tone la maji lililodondokea mafuta ya kukaangia maandazi. Ukifanya kinyume, asidi inazama ndani ya maji mengi na joto linasambaa. Mimina kidogo kidogo, koroga, pumzika, gusa nje ya bika. Ikiwa ya moto, subiri. Tumia bika ya kioo kinachostahimili joto, iliyokaa ndani ya beseni la maji. Usizimulie ndani ya chupa ya ujazo, kwani joto linaiharibia kipimo chake.

Kwa hesabu ya haraka: haidrokloriki ya asilimia 36 yenye uzito wa gramu 1.18 kwa mililita ina takriban mola 11.6 kwa lita. Ukitaka lita moja ya 0.1 M, yaani mola 0.1 kwa lita, unahitaji mililita 8.6 hivi. Ila kama nilivyosema, chupa yako huenda imeshapungua, basi usiiamini hesabu peke yake. Kausha sodiamu kaboneti kwenye sahani ya kaure juu ya moto, iache ipoe ikiwa imefunikwa, pima gramu 5.30, yeyusha mpaka lita moja: hiyo ni 0.05 M. Pima asidi yako dhidi yake kwa methili oranji, ile rangi inayobadilika asidi inapotosha, kabla mwanafunzi hajaigusa. Mililita 25 za kaboneti zikila mililita 25 za asidi, uko sawa. Zikila 28, asidi ni dhaifu. Uiongeze sasa, si wakati darasa zima limeshika bureti na majibu hayakubaliani.

Na tafadhali, pipeti isinyonywe kwa mdomo, hata ya maji. Anayezoea kunyonya maji atanyonya haidroksaidi. Mpira wa kunyonyea ukikosekana, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, likiunganishwa kwa kipande kifupi cha mpira, linafanya kazi hiyo kwa fedha kidogo.

Maji ndiyo yanayoharibu uchambuzi wa chumvi katika shule nyingi, na lawama huishia kwa mwanafunzi. Maji ya kisima yana kloraidi na kalsiamu. Ukiyeyushia sampuli humo, kila chupa itatoa wingu jeupe kwa silva nitreti, iwe na kloraidi au isiwe nayo. Jaribu maji yako mwenyewe kwanza: tone la silva nitreti ndani ya testi tubu ya maji matupu. Yakibaki angavu, endelea. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa vizuri yanafaa mara nyingi. Maji ya betri ya dukani nayo ni maji yaliyokenekwa, lakini soma chupa mara mbili, kwa sababu dukani humo humo wanauza asidi ya betri kwenye vyombo vinavyofanana. Litmasi ya bluu itakuondolea wasiwasi.

Siku za kawaida, jenga mazoea ya karatasi ya oda. Mwalimu yeyote anayetaka zoezi aandike siku mbili kabla: zoezi gani, wanafunzi wangapi, vimiminika gani, kiasi gani. Wewe nawe piga hesabu. Wanafunzi 90 wakifanya titresheni kwa pipeti ya mililita 25, kila mmoja atahitaji takriban mililita 150 pamoja na za kusuuzia. Hizo ni lita 13.5. Kwa pipeti ya mililita 10, mililita 60 zinatosha, na jumla inakuwa lita 5.4. Mazoezi ya mwaka mzima yafanye kwa kiasi kidogo. Mtihani wenyewe uandae kwa maelekezo ya Baraza la Mitihani neno kwa neno, bila kupunguza wala kubadili.

Kila chupa unayojaza ipate lebo kabla hujaijaza: jina, nguvu, tarehe, na aliyeandaa. Andika kwa penseli juu ya tepu ya karatasi, kisha pitisha selotepu juu yake. Wino wa maka pen hufutika kwa tone moja la ethanoli. Wanga uandae siku hiyo hiyo, unachacha. Chuma(II) salfeti vilevile, na uitilie asidi ya salfuriki hafifu kidogo ili isigeuke. Silva nitreti na pamanganeti ndani ya chupa za kahawia. Sodiamu haidroksaidi ndani ya plastiki, kwa sababu kizibo cha kioo kitang'ang'ania, na aliyejaribu kukifungua kwa nguvu ameshakata kiganja. Bureti ya haidroksaidi ioshwe jioni hiyo hiyo, bomba lake lilegezwe.

Katika kona ya karibu na mlango weka ndoo ya mchanga, mfuko wa magadi, na dumu la lita 20 la maji safi lenye bomba, hata kama shule ina maji ya bomba. Kibuyu chirizi mlichotengenezea kunawia mikono kinafaa pia, mradi kijazwe kila asubuhi. Kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha hospitali, hata kama mtoto anasema maumivu yameisha. Sodiamu haidroksaidi inatisha zaidi ya asidi hapa: inayeyusha mafuta ya tishu na kuendelea kuzama ndani wakati maumivu yamepungua. Usijaribu kusawazisha kemikali juu ya ngozi au jicho kwa kemikali nyingine. Aliyemeza asitapishwe na asipewe maziwa kama dawa. Asuuze mdomo, apelekwe haraka pamoja na chupa aliyomeza. Moto ukikushinda piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Taa ya spiriti haijazwi ikiwa inawaka wala ikiwa bado ya moto, na dumu la spiriti halifiki chumba chenye moto. Mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Ajali hiyo huwapata watu wenye haraka.

Wa kupigiwa simu ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Wana ofisi za kanda Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma na Mtwara, mbali na Dar es Salaam. Wapelekee ile orodha yako yenye namba, pamoja na picha. Chupa zisizo na jina, zebaki, pikriki na mabaki ya metali ni kazi yao. Zebaki ikimwagika kwenye kipimajoto kilichovunjika, usifagie, ufagio huisambaza iwe matone yasiyoonekana. Watoe watoto, fungua madirisha, yakusanye matone kwa kadi ngumu na uyaweke kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko. Na kifua chako, mwalimu, kama kinabana hata siku za mapumziko, au usiku unakohoa na kukoroma kwa shida ya pumzi, nenda kituo cha afya na umweleze daktari waziwazi ni mvuke gani umekuwa ukivuta. Asipoambiwa hatauliza.

Mkuu wa shule naye ana haki ya kuhofia ukaguzi. Usiende kwake na neno "haiwezekani" peke yake. Mwandikie ukurasa mmoja: kilichopo, kilicho hatari, ulichokwisha kutenganisha, orodha iliyotumwa kwa Mkemia Mkuu na tarehe iliyotumwa, na mahitaji kwa bei, ukianza na matofali ya matundu, mabeseni na miwani ya kukinga. Mkaguzi akikuta beseni la chupa zenye namba na nakala ya barua hiyo, atajua shule inasimamia chumba chake. Akikuta sinki limeliwa na asidi na rafu tupu, atauliza kemikali zilikwenda wapi, na atakayeulizwa ni mwenye funguo. Funguo zenyewe ziwe mbili tu, yako na ya ofisi ya mkuu, na hakuna mwanafunzi anayetumwa kuchukua chupa humo, hata kiranja wa maabara, hata ikiwa kipindi kimechelewa.